Siku Tuliyojaza Madarasa

Nilipostaafu muhula uliopita, wazazi waliniletea blanketi, tangi la maji na saa ya ukutani. Blanketi nalielewa, maana baridi ya huku Manga haimwonei huruma mtu mzima, na tangi pia nalielewa. Saa ndiyo iliyonishangaza. Nimeishi miaka yangu yote ya kazi nikikimbizwa na kengele, na sasa nimepewa saa nikae nayo nyumbani nitazame vipindi vikipita bila mimi.

Naandika haya kwa ajili yenu mlioingia kazini juzi, mnaouliza kila siku wakati wa chai kwa nini shule zetu za msingi hazina walimu, kana kwamba ni jambo lililoanza mwaka huu. Sitasema habari za vyeo, kwa sababu nilivyopata ni vichache na vilikuja vimechelewa. Mshahara nao mnaujua, tusisumbuane. Nitasema habari za watu na viti. Ukitaka kujua ualimu wetu umepitia nini, ingia chumba cha walimu, tazama viti vilivyomo, kisha utazame wanaovikalia.

Mimi siku ya kwanza sikupata kiti. Walimu walikuwa wengi hivyo. Darasa la kwanza lilikuwa na mikondo miwili, kila mkondo na mwalimu wake, na kulikuwa na bwana mmoja ambaye kazi yake kubwa, kadiri nilivyoweza kuona, ilikuwa kwaya. Nilisimama kando ya kabati na mkoba wangu, viatu vipya vimejaa tope jekundu, mpaka mwanamume mmoja mrefu akainuka na kunipisha.

"Kaa hapa, mwalimu," akaniambia. "Mimi nikikaa sana magoti inalala."

Huyo alikuwa Mwalimu Makori, na kila ninachokijua katika kazi hii nilikitoa kwake. Muhula wangu wote wa kwanza sikuachiwa darasa peke yangu. Nawaomba mlisome hilo mara mbili, ninyi mliokabidhiwa madarasa matatu asubuhi ileile mliyoripoti. Nilikaa nyuma ya darasa nikimtazama akifundisha, kisha yeye akakaa nyuma nikafundisha mimi. Alinionyesha jinsi ya kuandika ubaoni nikiwa nimewapa watoto ubavu, maana mgongo hauna macho na watoto wa hapa wanalijua hilo. Alinionyesha jinsi ya kuvunja chaki mpya kabla ya kuitumia ili isipige kelele. Muhula ulipokwisha tuliupaka ubao weusi. Watoto walileta mawe ya redio, yaani betri, yaliyokwisha nguvu, tukayapasua, tukauponda ule unga mweusi pamoja na majani ya viazi vitamu, tukasugua mpaka ubao ukang'aa. Mikono yangu ilikaa myeusi hadi Sabato, na mama mkwe akauliza kwa upole kama nimeacha ualimu nikaingia biashara ya makaa.

Sijui hasa ni lini tulianza kupungua, kwa sababu kupungua hakupigi hodi. Serikali ilisimamisha kuajiri, na vijana waliotoka vyuoni wakakaa nyumbani na vyeti vyao. Mwanzoni hatukujali. Bwana wa kwaya alistaafu, kiti chake kikabaki, nami nikafurahi kupata mahali pa kuweka mkoba. Mwalimu mwingine akafariki. Mwingine akamfuata mumewe Nakuru. Kila kiti kilichobaki bila mtu tulikisogeza ukutani, tukaendelea kunywa chai.

Kisha ikatangazwa kwamba elimu ya msingi ni bure. Asubuhi ile njia zote za kilima zilikuwa zimejaa watoto, wengine wameanza kuota ndevu, wengine wamebebwa mgongoni. Tulifurahi, na sitaki mtu aseme hatukufurahi. Mtoto aliyekuwa akichuma majani chai saa za masomo sasa alikuwa ameketi mbele yangu na penseli mkononi. Ila walioongezeka walikuwa watoto tu. Walimu tulibaki walewale, tena tukiendelea kuzeeka.

Mwalimu Makori ndiye aliyemwita fundi abomoe mbao zilizotenganisha darasa la kwanza na la pili. Alisimama pale katikati akayafundisha yote mawili, hawa wakiandika wale wanasoma, sikio moja huku na jicho moja kule. Akanifundisha na mimi. Inawezekana, nawaambia, ila jioni ukifika nyumbani huna neno lililobaki la kumwambia mtu. Alistaafu akiwa bado anasimama pale palipokuwa na mbao, na hakuletwa mwingine mahali pake.

Wazazi ndipo walipoamua kujiajiria walimu wenyewe. Kwetu Wagusii kazi ikimshinda mtu huita risaga: majirani wanakuja na majembe, wanalima, wanakula, wanarudi makwao. Wazazi waliuchukua ualimu vivyo hivyo. Kila nyumba ilitoa kidogo bonasi ya majani chai ilipotoka, na bodi ya shule ikatafuta watu. Tukawaita walimu wa bodi. Wengi walikuwa vijana waliokuwa wakingoja jambo jingine, na jambo hilo lilipokuja waliondoka. Aliyebaki ni mmoja, Kwamboka.

Kwamboka alikuwa mwalimu aliyehitimu chuoni, si wa kubahatisha. Alimaliza masomo wakati ule ule ajira zilipofungwa. Alipewa darasa la kwanza, nami nilikuwa upande wa pili wa uwazi ule na darasa la pili, kwa hiyo kwa miaka mingi nilimsikia kila siku. Alihesabisha watoto kwa vizibo vya soda alivyokuwa ameviweka ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Alianza na Ekegusii, lugha waliyotoka nayo nyumbani, kisha Kiswahili kikaingia polepole, na sikumbuki mtoto aliyetoka kwake bila kujua kusoma.

Kulikuwa na msichana, Gesare, aliyelelewa na nyanya yake kiziwi. Muhula mzima hakutoa neno. Mimi ningemkemea, nawaambia kweli. Kwamboka alimpa kazi ya kugawa vizibo. Kila asubuhi Gesare alipita akimpa kila mtoto vitano, kimyakimya, akihesabu kwa vidole. Asubuhi moja Kwamboka alichukua vyake, akavifunika kwa kiganja, akageuka kama mtu aliyemaliza. Gesare alikuwa amempa vinne, na alijua. Akamshika sketi akasema, "Bado." Nilinyamaza katikati ya sentensi yangu upande huu, na darasa la pili lote likageuka kunitazama.

Kwamboka alitaka jambo moja tu maishani, kuajiriwa na serikali kabla umri wa mwisho wa kuajiriwa haujampita. Kila nafasi zilipotangazwa alikwenda, na kila mara zilikuwa chache na za mbali. Mwaka wake wa mwisho ulipofika, tukapata habari iliyotutoa machozi ya furaha. Nafasi mpya zingepelekwa katika shule zenye upungufu mkubwa zaidi, na kila shule ingemchukua aliyengoja muda mrefu kuliko wote katika eneo lake. Katika eneo letu hakuna aliyengoja kumshinda. Afisa wa elimu angepita shule kwa shule ajionee upungufu kwa macho yake. Sisi wa serikali tulikuwa tumebaki walimu wanne katika shule ya madarasa manane. Mimi nilidhani kazi imekwisha.

Mwenyekiti wa bodi, Mzee Onsongo, aliitisha kikao. Ni mtu mwema, na nisingependa mumfikirie vingine. Alikuwa ameuza ng'ombe wake tujengewe vyoo. Alisimama akavua kofia.

"Mgeni anakuja kwetu," alisema. "Sasa akuje apate madarasa imekaa tu hivyo, watoto wanapiga kelele, hakuna mtu? Hiyo ni aibu gani?"

"Mzee," nikasema, "hiyo aibu ndiyo anayokuja kuiona."

"Wewe mwalimu umesoma. Lakini mgeni hapelekwi jikoni aone moto umezima."

Mwalimu mkuu alimuunga mkono, naye alikuwa na sababu. Shule moja ng'ambo ya bonde ilikuwa imesemwa redioni kwamba watoto wanajifundisha wenyewe, na muhula haukuisha kabla wazazi hawajaanza kuwahamishia watoto akademi za kulipia za Keroka. "Habari ikitoka kwamba tuko wanne," alisema, "Januari nitafungua shule na nani?"

Niliwaambia kwamba nafasi ya Kwamboka iko ndani ya yale madarasa matupu. Walimgeukia yeye mwenyewe, aliyekuwa ameketi karibu na mlango.

"Vile wazee watasema ni sawa," akajibu.

Nilipinga peke yangu, nikashindwa. Wakaita risaga. Siku ya mgeni ilipofika, kila darasa lilikuwa na mtu mzima mbele yake. Karani wa kituo cha majani chai alikuja na tai, akafundisha darasa la tano kilo na gramu, na niseme ukweli, alifundisha vizuri. Mchungaji alipewa sayansi. Alianza na sehemu za ua, na nilipopita baadaye alikuwa amefika bustani ya Edeni. Mwalimu Makori aliitwa kutoka shambani kwake, akaja na koti lake la zamani, akasimama mbele ya darasa la sita akiwapa watoto ubavu.

Afisa alikuwa mwanamke kijana kutoka ofisi ya Nyamira, mpole, mwenye viatu vya mtu anayejua kutembea milimani. Alipita kila darasa, akasalimia, akaandika. Kwa Kwamboka alikaa zaidi kuliko kwingine. Watoto walihesabu vizibo, naye akachuchumaa akahesabu nao.

"Huyu mwalimu ni mzuri sana," alimwambia mwalimu mkuu walipotoka nje.

"Wote hapa ni wazuri," Mzee Onsongo akadakia.

"Na upungufu je?"

Mwalimu mkuu alimtazama mwenyekiti, kisha akatazama chini. "Tunajikaza, madam. Kila darasa iko na mtu, vile umeona."

Kisha tukamkaribisha chakula. Kulikuwa na obokima, ule ugali wetu wa wimbi, kuku, na mboga za chinsaga, vyote vimepikwa na akina mama tangu alfajiri. Kwamboka ndiye aliyeshika birika na beseni kumnawisha mgeni, kwa sababu mwalimu wa bodi, hata akikaa miaka mingapi, ndiye mdogo wa wote. Nilimwona afisa akiinamisha kichwa na kumuuliza jambo kwa sauti ya chini. Kwamboka akatabasamu, akamjibu kidogo, akampa kitambaa. Kabla chakula hakijafika mbali, dereva alichungulia mlangoni akasema wingu limeshuka upande wa Keroka, na mvua ikiwakuta kwenye mteremko gari litalala huko. Mgeni akainuka upesi, akaomba radhi.

"Natamani shule zote zingekuwa kama hii," alisema.

Watu wakapiga makofi. Mwalimu Makori hakupiga. Tulisimama pamoja tukilitazama gari likiteremka kati ya migomba, naye akiwa bado na chaki vidoleni.

"Leo nimefundisha darasa ambalo kesho halina mtu," akaniambia.

Nafasi zilitoka. Ile shule ya ng'ambo ya bonde, iliyosemwa redioni, ilipata walimu wawili wa eneo lake. Sisi hatukupata hata mmoja. Mwalimu mkuu na mimi tulipanda kwenda Nyamira kueleza. Yule afisa alitusikiliza mpaka mwisho bila hasira, na afadhali angekasirika. "Lakini walimu wangu," alisema, "mimi niliona kwa macho yangu." Nafasi zilikuwa zimeshagawanywa, na wenyewe walikuwa wameripoti kazini.

Kwamboka alimaliza muhula. Umri ukampita katika likizo ya Desemba, na shule zilipofunguliwa hakuja. Alikuwa amenipitishia nyumbani ule mkebe wa vizibo, akanionyesha vile vilivyoanza kuota kutu ili nivitenge visije vikakata watoto. Hakumlaumu mtu. Heri angetutukana, maana ningejua pa kuliweka tusi, lakini ule upole sikujua niuweke wapi, na bado sijui.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingine, na kila mabadiliko yalipokuja yalichukua mtu. Sekondari ya msingi ilipoanzishwa, wenzetu wawili wenye digrii walichukuliwa kuifundisha. Hawakwenda mbali, walivuka uwanja tu, tukawa tunapungiana mikono tukiwa katika boma moja la shule. Waliletwa vijana wa mafunzo ya kazi, wazuri, wenye bidii, na kila mmoja alipoanza kuyajua majina ya watoto muda wake uliisha. Mwishoni nilikuwa nikifundisha Gredi ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu pamoja. Fundi alikuwa amebomoa mbao nyingine. Kama mtaiga mpango huo, wapangeni wadogo mbele na katikati, wakubwa pembeni, na msianze somo jipya katika madarasa yote siku moja. Wale wanaoandika wasiwe na penseli zisizochongwa, kwa sababu kuchonga penseli ndiko kunakoleta vita.

Nawaambia pia jambo ambalo hamtalikuta katika kozi yoyote. Tulijivunia sana kujikaza. Tuliziba kila tundu kwa mikono yetu, kwa bonasi ya chai, kwa mchungaji na karani, na aliyetazama kutoka mbali aliona ukuta mzima. Nchi hii haikupungukiwa walimu gizani. Ilipungukiwa mchana, na sisi tukasimama mbele ya pengo tukiwa tumevaa tai. Mgeni akija kwenu, mpelekeni jikoni.

Siku ya kuniaga, mgeni wa heshima alikuwa afisa mwingine, mwanamume. Mzee Onsongo sasa anatembelea fimbo. Alikuja taratibu mpaka nilipokuwa nimeketi, akaniinamia.

"Mwalimu, hii laini ya viti vya walimu iko wazi sana," alisema. "Si niite wale wamestaafu wakae hapo, mgeni asione?"

"Viache hivyo, mzee."

Alivitazama kitambo. Nadhani alikuwa akikumbuka kile ninachokumbuka mimi. Kisha akaenda kuketi mahali pake, na nilipopewa nafasi ya kusema nilimwonyesha mgeni kiti kimoja kimoja, nikataja nani alikikalia. Alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akala, akaenda. Mpaka leo hatujaletewa mtu, lakini walau safari hii tumesema.

Wiki iliyofuata niliteremka Keroka. Kwamboka anauza sweta za mitumba pale nyuma ya steji, sweta za shule hasa, na wateja wake wengi ni watu aliowafundisha kusoma, sasa wanawanunulia watoto wao. Wote wanamwita Mwalimu. Alinipa kigoda, akaagiza chai, akauliza habari za saa ya ukutani, kwa hiyo nikajua habari zinafika. Tulicheka. Kisha nikamuuliza jambo nililokuwa nimekaa nalo miaka yote hiyo.

"Siku ile ulipokuwa ukimnawisha yule madam, alikuuliza nini?"

Alikuwa anakunja sweta ya kijani. Aliikunja mpaka mwisho kwanza.

"Aliniuliza, 'Mwalimu, nyinyi hapa mnakosa nini?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia karibu ale kwanza." Aliiweka sweta juu ya nyingine, akailaza kwa kiganja. "Mgeni haombwi kitu kabla hajakula, mwalimu. Si unajua. Nilikuwa nangoja amalize, nimwambie."

Niliiona tena ile meza baada ya gari kuondoka, na sahani ya mgeni imebaki na nusu ya obokima na paja la kuku lililoumwa mara moja. Kwamboka mwenyewe ndiye aliyeiondoa.